Uchambuzi wa kisa: Sasisho la Ubuntu lililosimamisha saa katika kituo cha kompyuta Pemba

## Kisa kwa ufupi

Kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta kisiwani Pemba kilipandisha mashine zake kutoka toleo la 22.04 la Ubuntu, mfumo wa uendeshaji unaotumika badala ya Windows, hadi 24.04 wakati wa likizo ya Disemba. Mfumo wenyewe ulipanda salama. Kilichovunjika ni viendelezi vya GNOME, vile vijiprogramu vinavyoongezwa juu ya eneokazi (skrini kuu ya kufanyia kazi, desktop), ambavyo watu wa kituo walikuwa wamevizoea hata wakasahau kuwa havikuja na mfumo. Kimoja kati ya hivyo, saa ya Kiswahili iliyotengenezwa palepale kituoni, kilirekebishwa nusu, kikaonekana kizima, kisha kikaharibu jaribio la wanafunzi. Niliitwa baada ya hapo. Majina ya watu, mji na kituo nimeyaondoa, na mambo machache ya pembeni nimeyageuza ili kituo kisitambulike.

## Usuli

Kituo hiki kina kazi mbili. Asubuhi hufundisha vijana waliomaliza skuli: kuchapa kwa vidole kumi, kuandika barua na kupanga hesabu kwa LibreOffice, kutafuta habari kwenye intaneti. Jioni hugeuka afisi ya uchapaji. Walimu wa skuli za jirani huleta mitihani ya muhula, wengine huleta maombi ya kazi, barua za kupeleka kwa sheha, kadi za harusi. Fedha za jioni ndizo zinazolipia umeme na bando la asubuhi.

Mashine ni za mitumba. Zilipofika zilikuwa na Windows, na miezi ya mwanzo flashi za wateja zilizijaza virusi mpaka zikawa hazitumiki. Wakahamia Ubuntu, tatizo hilo likaisha. Uamuzi ule bado nauona sahihi, na hakuna lolote katika kisa hiki linaloubatilisha.

Tabu iliyobaki ilikuwa mazoea. Mwanafunzi aliyewahi kugusa kompyuta ya ndugu yake hutafuta menyu chini kushoto. Ubuntu, inayotumia eneokazi la GNOME, humpa upau mwembamba juu na safu ya aikoni ubavuni. Msimamizi wa kwanza wa kituo akaweka viendelezi viwili ili eneokazi lifanane na lile wanalolijua: Dash to Panel, kinachoshusha upau chini na kupanga humo madirisha yote yaliyofunguliwa, na ArcMenu, kinacholeta menyu ya programu. Baadaye kikaongezwa cha nyakati za swala, ili mwalimu ajue lini afunge somo kabla ya adhana. Mwongozo wa wanafunzi ukapigwa chapa ukiwa na picha za skrini hiyo kuanzia ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho.

Cha mwisho kilikuwa saa. Ratiba ya ukutani imeandikwa kwa saa zetu: kipindi cha kwanza saa 2, mapumziko saa 4 na nusu. Kompyuta inaonyesha 08:00 na 10:30. Kijana mmoja aliyesoma hapo, ambaye sasa yuko masomoni nje ya kisiwa, aliandika kiendelezi kinachoificha saa ya kawaida ya GNOME na kuweka yake, "saa 4:30 asubuhi". Hesabu yote ilikuwa mstari mmoja:

`const saa = ((h + 5) % 12) + 1;`

Saa 7 ya kompyuta inakuwa 1, saa 6 inakuwa 12, usiku wa manane unakuwa saa 6. Watu walikipenda mno. Nimeshika kompyuta nyingi katika visiwa hivi, na hii ndiyo mara ya kwanza kukuta inayosoma wakati kama anavyousoma mtu aliyekaa mbele yake. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu naamini kitu cha namna hiyo kinastahili kutunzwa, na kilikaribia kutupwa.

## Kiendelezi kimekaa wapi

Bila kulifahamu jambo hili, kisa kizima kitaonekana kama bahati mbaya.

GNOME Shell ni ile programu inayochora upau, menyu, arifa na mpangilio wa madirisha. Viendelezi vyake huandikwa kwa JavaScript na huingizwa ndani ya mchakato uleule wa GNOME Shell. Hakuna ukuta kati yao. Kiendelezi kinaweza kuishika sehemu yoyote ya ndani, kikaificha, kikaibadilisha, kikaweka yake mahali pake. LibreOffice au Firefox haziwezi kufanya hivyo. Zenyewe hupita kwenye milango iliyowekwa rasmi, na milango hiyo hudumu miaka. Programu ya kawaida ni abiria chomboni. Kiendelezi ni ubao uliopigiliwa kwenye mataruma ya chombo chenyewe: chombo kikipandishwa pwani kikabadilishwa mataruma, abiria atapanda tena na kukaa, lakini ubao ule hauna pa kupigiliwa.

Waundaji wa GNOME hawajawahi kuahidi kwamba sehemu hizo za ndani zitabaki vilevile. Hutoa toleo jipya kila miezi sita, Machi na Septemba. Kila kiendelezi hubeba faili liitwalo `metadata.json`, na ndani yake kuna orodha ya matoleo ambayo mtunzi amethibitisha kuwa kinayaweza. Toleo la GNOME unalotumia lisipokuwemo, kiendelezi hakiwashwi, na hali yake huandikwa OUT OF DATE, yaani kimepitwa na toleo. Mara nyingi mtunzi huhitaji kujaribu, kurekebisha kidogo na kuongeza namba.

Toleo la 45, la Septemba 2023, lilikuwa jingine kabisa. GNOME Shell ilihamia mfumo wa kisasa wa moduli za JavaScript. Mstari ulioandikwa

`const Main = imports.ui.main;`

ukawa lazima uandikwe

`import * as Main from 'resource:///org/gnome/shell/ui/main.js';`

na umbo zima la kiendelezi likabadilika pamoja nao. Kilichoandikwa kwa ajili ya 44 hakifunguki kwenye 45, na kilichoandikwa kwa 45 hakifunguki kwenye 44. Kila mtunzi alilazimika kukaa chini na kukiandika upya chake.

Sasa tazama namba za Ubuntu. 22.04 ina GNOME 42. 24.04 ina GNOME 46. Anayetoka toleo moja la Ubuntu linalohudumiwa kwa muda mrefu kwenda jingine huuvuka mpaka huo wa 45 kwa hatua moja, na dirisha linalomwalika kupanda halimwambii.

## Kilichotokea

Baada ya 24.04.1, toleo la kwanza la marekebisho ya 24.04, kutoka Agosti 2024, watumiaji wa 22.04 walianza kuonyeshwa mwaliko wa kupanda. Msimamizi wa sasa wa kituo ni kijana makini. Hakubonyeza siku hiyohiyo. Alisubiri likizo, akanakili kazi zote kwenye diski ya nje, akanunua bando kubwa, akazipandisha mashine moja baada ya moja zikiwa kwenye UPS, betri ya akiba ya kushikilia umeme ukikatika. Umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mtu mwenye busara hufanya kazi ya aina hii akijua kwamba unaweza kukatika. Ulikatika kweli. UPS ya mashine moja haikustahimili, ikazimika katikati. Alipoiwasha akaimalizia kwa `sudo dpkg --configure -a` na haikupoteza kitu.

Bando likaisha pamoja na mashine ya mwisho. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa intaneti ipo, GNOME hujitafutia matoleo mapya ya viendelezi vilivyotoka kwenye tovuti yake na kuyaweka mtumiaji anapoingia tena. Dash to Panel na ArcMenu vyote vilikuwa na matoleo yanayokubali 46. Vilihitaji mtandao tu. Bila mtandao, zilibaki nakala za zamani, zimezimwa, kwenye kila akaunti ya kila mashine.

Wa kwanza kuumia alikuwa mchapaji wa jioni, mama wa makamo anayechapa haraka kuliko mtu yeyote hapo. Alifungua mtihani wa skuli moja, akalipunguza dirisha ili atazame karatasi nyingine, likatoweka. Kwake yeye dirisha lililopunguzwa hukaa chini, katikati ya upau. Chini hapakuwa na kitu.

"Mwanangu, mashini yangu mmeibadilisha?"

"La, Bi Mkubwa, ni ileile. Imepandishwa toleo tu."

"Basi mtihani wa watu umekwenda wapi?"

Ulikuwepo, nyuma ya aikoni ya ubavuni yenye kidoti kidogo. Alikuwa ameshaanza kuuchapa upya.

Msimamizi akatafuta msaada kwa simu yake. Akapata amri ambayo huzunguka sana kwa watu wenye shida hii:

`gsettings set org.gnome.shell disable-extension-version-validation true`

Amri hii huiambia GNOME isikague tena namba ya toleo. Aliiendesha kwenye kila mashine. Haikusaidia: mlinzi wa mlangoni aliondolewa, lakini viendelezi vilivyoandikwa kwa mtindo wa kabla ya 45 vilikwama papo hapo kwenye mistari ya `imports`. Hali ikageuka kutoka OUT OF DATE kuwa ERROR, yaani kosa.

Hapo akageukia saa ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa na maandishi yake mafupi, yanayosomeka. Akafuata maelezo ya kuhamishia 45, akabadilisha mistari ya juu, akakiweka kiendelezi ndani ya `class`, yaani kifungu kimoja kinachoshika sehemu zake zote. Kwa kuwa alikuwa kwenye Wayland, mfumo wa kuchora skrini usioruhusu GNOME Shell kuwashwa upya peke yake, kila jaribio lilimlazimu atoke kwenye akaunti na kuingia tena. Hatimaye saa ikajitokeza, inahesabu vizuri. Akainakili kwa flashi kwenye mashine zote, na ya mwalimu ikiwemo. Namheshimu kwa hilo. Wengi wangekifuta tu.

Wiki ya mwanzo ya masomo kulikuwa na jaribio la kuchapa, dakika 30, kwa makundi mawili. Mwalimu aliwasha mashine yake mapema, akatoka kupanga viti, skrini ikajifunga. Aliporudi aliifungua, akatazama: saa 3:42 asubuhi. Akatangaza kuwa watamaliza saa 4:12, akaanza kuzunguka kati ya safu. Alipoirudia meza yake ilikuwa bado saa 3:42.

Akaitazama simu. Saa 4 ilikuwa imeshapita na nusu inakaribia. Na hapo ndipo ubaya ulipo: saa ile ilikuwa imesimama tangu skrini ilipojifunga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema jaribio lilianza lini hasa. Kundi la pili lilipimwa kwa simu. Kamati ya kituo ikayafuta matokeo ya makundi yote mawili, kwa kuwa hayakupimwa kwa kipimo kimoja.

## Uchunguzi

Nilianza na akaunti mpya kabisa kwenye mashine moja. Akaunti mpya ikifanya kazi vizuri, mfumo ni mzima na ugonjwa uko kwenye mipangilio ya akaunti ya zamani. Ilifanya kazi vizuri. Hatua hiyo peke yake iliondoa mazungumzo yote ya "Ubuntu mpya ni mbovu".

Kisha nikaiacha amri hii, inayoonyesha ujumbe wa GNOME Shell kadiri unavyoandikwa, wazi kwenye mashine ya mwalimu na kuifunga skrini kwa makusudi:

`journalctl -f -o cat /usr/bin/gnome-shell`

Jibu likaja mara moja: `ReferenceError: lebo is not defined`, yaani jina `lebo` halijulikani.

GNOME huvizima viendelezi skrini inapofungwa na kuviwasha tena inapofunguliwa, isipokuwa vile vilivyoomba ruhusa ya kubaki. Kuzimwa kunaita kazi iitwayo `disable()`, na ndani ya saa ile ilikuwa hivi:

```
disable() {
    GLib.source_remove(this._kipima);
    lebo.destroy();
    Main.panel.statusArea.dateMenu.container.show();
}
```

Katika maandishi ya zamani `lebo`, yale maneno ya saa yanayoonekana kwenye upau, ilikuwa jina la wazi kwa faili zima. Msimamizi, kwa usahihi, aliihamishia ndani ya `class` ikawa `this._lebo`, lakini kwenye `disable()` jina la zamani likabaki. Soma mistari hiyo kwa mfuatano wake. Kwanza kipima muda kinaondolewa, kwa hiyo hakuna tena wa kuisogeza saa. Pili inavunjika. Ya tatu haifikiwi, kwa hiyo saa ya kawaida ya GNOME inabaki imefichwa. Kiendelezi kinawekwa katika hali ya ERROR na hakiwashwi tena skrini inapofunguliwa, na ile lebo inaendelea kukaa kwenye upau ikionyesha wakati wa mwisho iliyouandika.

Kwa nini hakuna aliyeliona hili kabla? Kwa sababu akaunti za wanafunzi zilikuwa zimeondolewa kujifunga skrini, na msimamizi katika majaribio yake alikuwa akitoka na kuingia, hakuwahi kufunga. Mashine pekee iliyokuwa ikijifunga baada ya dakika 5, kama ilivyo desturi ya GNOME, ni ya mwalimu. Ndiyo hiyo iliyotumika kupimia jaribio.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuiondoa saa kwenye mashine zote na kuirudisha kinga ya matoleo kwa `gsettings reset`. Hili lilileta manung'uniko, lakini saa inayodanganya ni mbaya kuliko saa isiyokuwepo. Na kinga ile ikiachwa imezimwa, sasisho lijalo litaingiza viendelezi visivyofaa kimyakimya.

Kisha tukakaa na watu wanaozitumia: mchapaji, walimu wawili, msimamizi. Tukakichukua kiendelezi kimoja kimoja na kuuliza kazi gani itasimama kikiondoka. Majibu yalinishangaza kidogo. Nilidhani ArcMenu ndiyo muhimu. Mchapaji alisema menyu haihitaji hata kidogo, programu zake ni mbili na zote ziko kwenye aikoni. Anachohitaji ni orodha ya madirisha yaliyofunguliwa. Walimu walisema menyu inahitajika kwa sababu moja tu, mwongozo uliokwisha chapwa. Kile cha swala mtunzi wake hakuwa ametoa toleo linalokubali 46; mwalimu mwenyewe akapendekeza ratiba ya msikitini ibandikwe ukutani, jambo likaisha. Saa, ambayo kila mtu aliihesabu kuwa pambo, ndiyo iliyokuwa imebeba kazi nzito kuliko vyote.

Je, turudi 22.04? Ubuntu haina njia ya kushuka toleo. Ingebidi kila mashine isimikwe upya. Kazi zilikuwa zimenakiliwa, kwa hiyo iliwezekana, na 22.04 ina masasisho ya usalama hadi 2027. Tulikataa kwa kuwa mpaka wa 45 ungekuwa unatusubiri palepale, na safari hii msimamizi alikuwa ameshauelewa.

Suala la kuhamia Xfce, eneokazi jingine linaloweza kutumika badala ya GNOME, lilijadiliwa kwa urefu. Mimi naipenda Xfce kwa mahali kama hapa. Hubadilika polepole, toleo la 4.18 lilitoka Disemba 2022 na la 4.20 Disemba 2024, na vijiprogramu vingi vya upau wake huendeshwa katika mchakato wa peke yake, kwa hiyo kimoja kikianguka hakiburuti eneokazi zima. Orodha ya madirisha na menyu ni vyake vya asili, huhitaji kuongeza kitu. Kamati ilikataa, na sababu yao ilikuwa nzuri: mwongozo ungechapwa upya, walimu wangejifunza upya, na saa ya Kiswahili ingeandikwa upya kwa namna nyingine kabisa. Tulikubaliana Xfce iwekwe kwenye mashine mbili dhaifu tu.

Uamuzi wenye faida kubwa zaidi ulikuwa wa mahali pa kuviweka viendelezi. Mtu akivichukua kwenye tovuti huingia katika folda ya akaunti yake, `~/.local/share/gnome-shell/extensions`. Kwa mtu mwenye kompyuta yake hapana neno. Kwa chumba chenye akaunti nyingi na bando la kupimwa, maana yake ni kupakua kitu kilekile mara nyingi na kuwa na matoleo tofauti kwenye mashine zinazofanana. Tulipakua kila kimoja mara moja, tukakihamisha kwa flashi, tukakiweka `/usr/share/gnome-shell/extensions`, tukazifuta nakala za zamani kwenye akaunti. Hapa kuna mitego miwili. Mafaili yakifunguliwa kwa akaunti kuu ya mfumo (root) bila ruhusa ya kusomwa na wengine, kiendelezi hakionekani kabisa na hakuna kosa linaloandikwa mbele ya mtumiaji. Na folda ya `schemas` inabidi ikusanywe kwa `glib-compile-schemas`, la sivyo kiendelezi hakipati mipangilio yake.

Orodha ya vinavyowashwa tukaiweka kwenye mipangilio ya mashine nzima, `/etc/dconf/db/local.d`, kisha `sudo dconf update`. Akaunti za zamani zilikuwa na orodha zao, ambazo huishinda ya mfumo, kwa hiyo kila moja ililazimu kusafishwa kwa `dconf reset /org/gnome/shell/enabled-extensions`.

Saa tuliirekebisha pamoja na mtunzi wake kwa simu, jioni, baada ya wateja kuondoka. Marekebisho yalikuwa zaidi ya jina moja. Katika `disable()` sasa jambo la kwanza ni kuirudisha saa ya kawaida, kisha kuiondoa lebo, kisha kipima muda. Kitu kikivunjika katikati, angalau mtu anabaki na saa ya GNOME inayokwenda.

## Matokeo

Mashine zote zilirudi kwenye mpangilio unaolingana na mwongozo, isipokuwa zile mbili za Xfce, ambazo wanafunzi wa mwanzo hawapangiwi. Mchapaji alipata orodha yake ya madirisha siku ileile Dash to Panel ilipowekwa, na kwa ombi lake mwenyewe ArcMenu haikuwashwa kwenye mashine yake. Jaribio la kuchapa lilirudiwa. Saa ya Kiswahili ilirudishwa baada ya kukaa siku kadhaa kwenye mashine ya msimamizi peke yake, ikifungwa na kufunguliwa, ikilazwa na kuamshwa.

Gharama iliyobaki ni imani. Mwalimu aliyesimamia lile jaribio mpaka sasa hupimia kwa simu, na simlaumu.

## Uchambuzi

Msimamizi alifanya mambo mengi kwa usahihi: nakala za kazi, likizo, UPS, subira. Yote yaliulinda mfumo na mafaili. Hakuna hata moja lililovilinda viendelezi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na orodha yake. Ukimuuliza mtu kompyuta ina nini, atakutajia programu. Viendelezi hujificha ndani ya "kompyuta yangu ilivyo".

Kosa lililogharimu ni kupandisha mashine zote kabla ya moja kukaa mikononi mwa mtumiaji wa kweli. Ingetosha kuipandisha ya mchapaji, akafanya kazi jioni mbili. Angelalamika mara moja, na lalamiko lake lingekuwa ndiyo ripoti kamili. Programu ya Extension Manager nayo ina kipengele cha kuangalia mapema viendelezi vyako vitakubaliwa na toleo gani la GNOME. Kingevionyesha vile vya tovutini. Saa ya Kiswahili kisingeijua, kwa kuwa haikuwa tovutini, na hiyo ndiyo hatari ya vitu vya kutengenezwa nyumbani: havina mtu wa nje wa kukutahadharisha.

Kuhusu ile amri ya kuzima ukaguzi, nina neno kwa wanaoisambaza. Kabla ya 45 iliweza kufaa, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni namba tu. Kwa anayevuka kutoka 42 kwenda 46 haifai kitu. Inaondoa ujumbe ulio wazi, "hiki hakijathibitishwa kwa toleo lako", na kuweka mahali pake kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulisoma. Ukimpa mtu amri hii, mwambie na namna ya kuirudisha.

Kuna wanaowalaumu GNOME moja kwa moja. Nusu ya lawama naikubali. Kuhamia moduli za kisasa ulikuwa uamuzi mzuri wa kiufundi, maana ndiyo JavaScript ambayo dunia nzima inaiandika sasa, na maelezo ya kuhamia yaliwekwa wazi kwenye gjs.guide, ndiyo yaliyomwezesha msimamizi wetu kufika alipofika. Nisichokikubali ni kimya cha dirisha la kupandisha toleo. Mfumo unavijua viendelezi vilivyowashwa na unalijua toleo unalokwenda. Unaweza kuvitaja kwa majina kabla mtu hajabonyeza. Mtu wa Pemba anayenunua bando kwa fedha za kadi za harusi anastahili kuambiwa mapema.

Kuhusu urekebishaji wa nusu: kiendelezi hakijapona kwa sababu kimeonekana. Kazi yake ngumu ni kuondoka bila kuacha alama, na huondoka mara nyingi kwa siku bila mtu kufahamu. Anayehamisha kiendelezi aanze kukijaribu kwa kukizima. Aifunge skrini, ailaze mashine, akizime na kukiwasha mara kadhaa mfululizo, akitazama `journalctl` muda wote.

Lililobaki halijatatuliwa lote. Maandishi ya saa sasa yanatunzwa kwa Git, programu ya kuhifadhi kila badiliko la msimbo, nakala moja kituoni na nyingine kwa mtunzi, na msimamizi ameshaweza kuyasoma na kuyabadilisha mwenyewe. Lakini bado ni watu wawili tu. Kwenye mashine zote mwaliko wa kupanda umezimwa kwa `Prompt=never`, isipokuwa moja, ile ya mchapaji, ambaye amekubali kuwa wa kwanza kila mara kwa sharti kwamba mitihani ya watu isiwe juu ya meza siku hiyo. Ubuntu 24.04 ina masasisho hadi 2029, kwa hiyo hapana haraka.